Gunia Katika Dohani

Ua wetu ulikuwa mzuri kuliko nyua zote za mji wa Turku, na anayebisha ni kwa sababu hakukulia pale. Tulikuwa na mtofaa, pampu ya maji, sauna, chumba cha kuogea mvuke, ya ua mzima, na nyumba mbili za magogo zilizotazamana, zote zimevikwa mbao na kupakwa rangi ya manjano. Haya, tuseme kweli: mtofaa haukuwa umezaa tangu vita, pampu iliganda kila Januari, choo kilikuwa kimoja na foleni yake ilifundisha watu kusali, na ile rangi ya manjano ilibaki pale tu ambapo mvua haikufika. Ukiyatoa hayo, ua ulikuwa mzuri sana.

Katika nyumba ya upande wa kulia aliishi msichana mmoja, Raili, pamoja na mama yake, Aune. Raili alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mikono mirefu, na ulimi mrefu kuliko mikono. Baba yake alikuwa baharia, na nyumbani alionekana mara chache kama jua la Desemba. Mwenye nyumba alikuwa mjane, Bibi Lempi, aliyekaa chumba cha pili yao, ukuta kwa ukuta, hata akipiga chafya Aune alimwitikia afya njema bila kuinuka.

Kila asubuhi kabla ya shule Raili alifanya kazi zile zile. Alichukua kuni kibandani, akajaza ndoo, akawasha jiko la matofali, na kuni zilipogeuka makaa akakaa kitako kusubiri. Huko kusubiri ndiko kulikokuwa kazi. Kwenye dohani, juu kidogo ya jiko, palikuwa na bamba la chuma la kufunga njia ya moshi ili joto lisikimbilie angani. Ukichelewa kulifunga, utatetemeka kutwa nzima. Ukilifunga mapema, wakati mwali wa buluu bado unacheza juu ya makaa, sumu ya makaa inarudi chumbani. Sumu hiyo haina rangi wala harufu, nayo inaua watu wakiwa wamelala, ikiwaacha na nyuso nyekundu. Kila mtoto wa Turku alijua jambo hilo kabla hajajua kusoma. Mtu mzima aliyefunga bamba mapema alihesabiwa mpumbavu. Akifa, alihesabiwa mpumbavu aliyekufa.

"Mwali wa buluu umelala?" Aune aliuliza huku akifunga kamba za viatu.

"Umelala, mama."

"Una hakika?"

"Nimeuita kwa jina, haukuitika."

Raili alifunga bamba, na papo hapo nyumba nzima ikaruka. Vikombe viligongana kabatini. Sahani moja ilitembea hadi ukingoni mwa rafu, ikasita kama mtu anayefikiri, kisha ikajitupa sakafuni.

"Wameanza," alisema Aune.

Nyumba ya upande wa kushoto ilikuwa imeuzwa kwa kampuni ya kujenga maghorofa, na wapangaji wake walikuwa wamehamishwa. Sasa uani palisimama winchi yenye tufe la chuma, kubwa kama ng'ombe aliyejikunja, likining'inia kwenye mnyororo. Tufe lilirudi nyuma taratibu, likaja. Dohani ilikatika kama shingo ya kuku. Likaja tena, ukuta ukapasuka. Magogo yale yalikuwa yamekaa pale miaka mingi kuliko mtu yeyote uani, na hayakukubali kuondoka kimya. Yalilia, misumari ikichomoka kwa sauti ya nguruwe machinjioni. Vumbi lilipotulia, chumba cha ghorofani kilibaki wazi mbele ya watu wote: karatasi za ukutani zenye maua ya buluu, kulabu ya kutundikia koti, na jiko lililoning'inia hewani bila sakafu chini yake.

Kile kilikuwa chumba cha Taisto, mwenzake Raili wa darasani. Taisto mwenyewe alisimama getini na mkoba wake wa shule, akitazama. Tufe likaja mara ya tatu, na jiko likaanguka. Taisto aliokota tofali na kulitupa kwenye dirisha moja kati ya yaliyosalia, kwa nguvu zote, kama mtu anayemalizia kazi ya mwingine.

Bibi Lempi alitoka na aproni yake, mkononi ameshika chuma cha kuchokolea moto.

"We kijana," alimwita dereva wa winchi, "hiyo ni sahani yangu ya tatu."

"Mama, mimi napiga ninapoambiwa."

"Na mimi nikikuambia upige huyo aliyekutuma, utapiga?"

Dereva alicheka. Lakini tufe halikucheka.

Mchana, baada ya shule, watoto wa mtaa walikuja kumalizia madirisha. Ilikuwa raha, tusidanganyane. Kioo kikipasuka kina sauti ambayo mtoto hawezi kuisikia mara moja tu akatosheka. Raili alirusha jiwe, akapiga kioo cha mwisho cha ghorofani, katikati kabisa.

"Mkono mzuri huo," sauti ilisema nyuma yake. "Unarusha kama askari."

"Askari wanakosa," alijibu Raili.

Aliyesema alikuwa Bwana Kaukoranta, mtu wa kampuni: koti la ngozi, nywele za mafuta, na mfuko wa peremende nyeusi za chumvi ambazo watoto wa Turku wangeweza kuwauza ndugu zao ili wazipate. Alimpa Raili, akampa Taisto.

"Pale patasimama maghorofa," alisema. "Maji ya moto yanatoka ukutani. Hakuna kuni, hakuna ndoo, choo kiko ndani, unajifungia na kuimba. Nyumba ya kwanza kukamilika humo nitampa mama yako, Raili. Upande wa jua."

Raili aliangalia mlangoni kwao. Mama yake, aliyekuwa akifua nguo za watu, alikuwa anazitundika kwenye kamba, na shuka ziliganda zikiwa bado mikononi mwake. Mikono yenyewe ilikuwa imepasuka ikawa myekundu; jioni aliipaka mafuta ya nguruwe na kuilalia ili asiione.

"Lini?" aliuliza Raili.

"Kamuulize Bibi Lempi. Hatuwezi kujenga nusu ua, na yeye hataki kuuza."

"Amesema atatoka kwa kubebwa."

"Basi labda moshi umbembeleze." Kaukoranta alitabasamu. "Moshi kidogo tu. Macho yamwashe siku mbili tatu, achoke, aende zake kwa dada yake mjini Rauma. Nani ameumia hapo?"

Bibi Lempi alikuwa sokoni kununua samaki. Kaukoranta aliwapandisha watoto darini, akawaonyesha mahali dohani ilipopita, na kilango kidogo cha chuma ambacho msafisha masizi hukifungua kila mwaka. Alikigonga kwa kidole.

"Hii ndiyo ya jiko lake. Mimi sikuwaambia kitu, sawa? Nimewapa peremende tu."

Jumamosi Raili na Taisto walirudi peke yao na gunia lililojazwa majani makavu, wakalilowesha maji. Raili ndiye aliyekuwa na mikono mirefu.

"Sukuma," alisema Taisto.

"Limekaza."

"Sukuma basi, we mwoga. Au unaogopa bibi yako atapiga chafya?"

Raili alisukuma mpaka bega lake likagota kwenye chuma. Gunia lilikaa, ingawa halikujaza dohani yote. Upande mmoja palibaki upenyo. Alifunga kilango, akapangusa masizi kwenye soksi za Taisto, nao wakashuka wakicheka.

Jumapili mchana Bibi Lempi aliwasha jiko. Raili aliketi kwao, sikio ukutani, ngumi mdomoni. Alisikia kikohozi. Alisikia dirisha likifunguliwa, na Bibi Lempi akiligombeza jiko: "Umekula nini leo wewe? Mbona unacheua mbele ya watu?" Raili alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baadaye moshi ulipungua, kuni zikawa makaa, na dirisha likafungwa, maana nje baridi ilikuwa ya kupasua mawe. Kitanda kililia. Bibi Lempi alikuwa amelala, kama alivyolala kila Jumapili baada ya chakula.

Ukuta ukanyamaza. Kisha Raili akasikia kishindo, na kiti kuanguka.

Alingoja. Bibi Lempi kuangusha kiti bila kukitukana lilikuwa jambo ambalo halijapata kutokea. Raili aliendelea kungoja lile tusi. Halikuja.

"Mama," alisema. "Mama, Bibi ameanguka."

Aune aligonga mlango wa jirani kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha kwa teke. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alikimbilia kibandani, akarudi na shoka. Pigo la kwanza liliingia ubaoni likanasa. Alilichomoa kwa kuweka mguu mlangoni. La pili lilipasua ubao. La tatu lilirusha kipande kilichomkata shavu, wala hakujigusa. Aliingiza mkono kwenye tundu, akafungua komeo, na mlango ukafunguka.

Bibi Lempi alikuwa amelala kifudifudi kati ya kitanda na jiko. Alikuwa amejaribu kuinuka, na kichwa chake kilikuwa kimegonga pembe ya matofali. Aune alimshika miguu na kumburuta nje, kichwa kikigonga kizingiti, damu ikichora mstari juu ya theluji. Uso wa bibi ulikuwa mwekundu, mwekundu wa afya, kama wa msichana aliyetoka sauna. Hilo ndilo lililomtisha Raili kuliko damu.

Aune alimpiga kofi. Alimpiga la pili.

"Vuta pumzi, Mama. Vuta, usiniletee ujeuri leo."

Majirani walikuja mbio. Mmoja alifungua madirisha, mwingine alimwaga maji jikoni, mwingine alivuta bamba la dohani. Na katika vurugu ile hakuna aliyejua baadaye kama bamba lilikuwa wazi akalifunga, au limefungwa akalifungua. Bibi Lempi alitapika juu ya theluji, akatapika tena, kisha akafungua jicho moja.

"Nani," alisema polepole, "amenivunjia mlango?"

Gari la hospitali lilimchukua. Raili alibaki amesimama karibu na ile alama nyekundu.

Kufikia Jumatatu jioni mtaa wote ulikuwa na jambo moja la kusema. Dukani kwa maziwa wanawake walilisema kwa huruma, ile huruma ya kulamba midomo: Lempi amezeeka, Lempi amefunga bamba mapema. Lempi, ambaye ndiye aliyewafundisha nusu yao kuwasha majiko. Bwana Kaukoranta alikuwa dukani pia, ingawa hakuna aliyepata kumwona akinywa maziwa.

"Masikini," alisema, kofia mkononi. "Si kosa lake. Majiko haya ya zamani ni wauaji. Leo yeye, kesho mtoto."

Ikajulikana kwamba mkaguzi wa afya wa mji angekuja Jumatano. Akiandika kuwa nyumba ile haifai kukaliwa na watu, wote watatoka, Bibi Lempi atauza apende asipende, na lile tufe la chuma halitahitaji hata kuhama.

Raili alimkuta Taisto shuleni, nyuma ya kibanda cha kuni.

"Tuseme," alimwambia.

"Useme nini?"

"Gunia."

Taisto alimshika ukosi na kumbana ukutani. "Ukifungua mdomo nitakutoa meno moja moja, halafu nitasema ni wewe. Nani aliyesukuma? Mimi mkono wangu haufiki."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomfunga Raili mdomo.

Jumanne Bibi Lempi alirudi, kichwa kimefungwa bendeji. Aune alimtuma Raili ampelekee maziwa. Chumbani mlikuwa na baridi kama nje. Bibi alikaa mbele ya jiko, koti mwilini, kofia juu ya bendeji, mikono imekaa magotini kama vitu vya mtu mwingine.

"Bibi, nikuwashie?"

"Liache." Alilitazama jiko kwa muda mrefu. "Tangu niolewe nalifunga bamba hili mimi. Jumapili nakumbuka sikulifunga. Nakumbuka kabisa, nililiacha wazi kwa sababu ya ule moshi. Lakini mtaa mzima unasema nilifunga. Mtaa mzima hauwezi kuwa na wazimu, kwa hiyo mwenye wazimu ni mimi."

"Bibi..."

"Sema, mjukuu wangu."

Raili aliangalia kikombe. "Maziwa yamemwagika kidogo njiani."

"Hata mimi nimemwagika." Bibi Lempi alicheka kidogo, na kicheko kilikatikia njiani. "Kesho nitamwambia yule bwana mwenye nywele za mafuta alete kalamu. Wewe na mama yako mnalala nyuma ya ukuta huu. Ningeweza kuwaua. Mtu ambaye hawezi kukumbuka mkono wake umefanya nini hastahili kuwa na nyumba."

Alisukuma kikombe kando bila kunywa. Raili alitoka. Alipofika kwao alijilaza na viatu.

"Mbona huli?" aliuliza mama yake.

"Tumbo limejaa."

"Limejaa nini?"

Raili aligeukia ukutani.

Jumatano asubuhi Raili hakwenda shule. Alipanda darini kulichukua lile gunia, na huko akamkuta Taisto amepiga magoti mbele ya kilango, mkono wote na kulabu ya waya ndani ya dohani, uso mweusi kwa masizi.

"Kaukoranta kaniambia nilitoe kabla mkaguzi hajaja," alisema Taisto. "Ukae kando."

"Nipe mimi."

"Ili ulipeleke wapi?"

"Chini. Kwa Bibi."

Gunia lilitoka kwa ghafla, nusu yake imeungua, na masizi yakawafunika wote wawili. Kila mmoja alishika upande wake.

"Nyumba yetu wameivunja," alisema Taisto kwa meno yaliyokaza. "Nimeona jiko letu likianguka. Yenu ina nini cha zaidi?"

Raili alimjibu kwa kumpiga. Alimpiga kwa ngumi, mdomoni. Taisto naye alimrudishia puani, na damu ikaja moto moto hadi kidevuni. Walibiringika chini ya kamba za nguo ambazo Aune alizifunga pia humo darini, shuka zilizoganda zikiwaangukia kama mbao. Taisto alimkaba, Raili alimng'ata kifundo cha mkono, akang'ata mpaka akasikia ladha ya chumvi, na hakuachia alipopigwa sikioni, wala alipopigwa mara nyingine. Taisto alipiga ukelele. Mkono wake ulipolegea Raili alilivuta gunia, akaokota ubao na kusimama mbele yake, kifua kikipanda na kushuka.

"Ondoka," alisema. "Au nitakupiga nao, na ubao huu haukosi."

Taisto alimtazama. Mdomo wake ulikuwa umevimba, na macho yake yalikuwa na maji ambayo si ya maumivu tu. Alishuka ngazi mbio, na mlango wa uani ukasikika ukibamizwa.

Chumbani kwa Bibi Lempi walikuwamo wanne. Mkaguzi, Bwana Nurmio, mrefu na mwembamba kama mlingoti, alikuwa ameinama akichungulia jikoni. Aune alisimama karibu na mlango alioupasua mwenyewe. Bwana Kaukoranta alikuwa ameketi mezani, karatasi zimetandazwa, na Bibi Lempi alikuwa ameshika kalamu kwa namna ya mtu aliyeshika samaki aliyeoza.

Raili aliingia. Alikuwa mweusi kwa masizi toka nywele hadi viatu, isipokuwa mstari mwekundu toka puani hadi shingoni. Aliliangusha gunia mezani, juu ya karatasi.

"Hili lilikuwa katika dohani," alisema. "Nililiweka mimi. Bibi hakufunga bamba."

Aune akatembea. Alivuka chumba kwa hatua tatu, mkono juu, uso mweupe.

"Ngoja, mwanangu," alisema Bibi Lempi. "Mkono huo utautumia baadaye. Wewe mtoto, rudia. Sema tena lile la mwisho."

"Hukufunga bamba, Bibi. Jumamosi nilisukuma gunia huko juu. Nilitaka moshi ukuchoshe uende Rauma, mama apate maji ya moto. Sikujua kuwa utaanguka."

Bibi Lempi aliweka kalamu chini. Mabega yake yalianza kutikisika. Aune alidhani analia, akamsogelea, lakini bibi alikuwa anacheka; alicheka mpaka bendeji ikamteremkia jichoni, na machozi pia yalikuwamo, kwa hiyo wote wawili, aliyedhani na aliyecheka, walikuwa sawa.

"Kwa hiyo si mimi," alisema. "Aune, umesikia? Akili yangu iko mahali pake. Mbovu ni ile ile ya siku zote, lakini ipo." Alijifuta macho, na kicheko kikaondoka usoni mwake kabisa. "Sogea hapa, Raili. Karibu. Usiangalie sakafu, sakafu haijakukosea."

Raili alisogea.

"Kumtakia mama yako maji ya moto si dhambi. Hata mimi nayataka. Nyumba mpya nayo si dhambi, watu wanahitaji mahali pa kulala. Lakini umefanya makosa mawili, na hujui lipi kubwa. Unadhani ni gunia. Gunia liliniumiza kichwa na kifua, na daktari ameshona. Lakini jana ulikaa pale, ukanisikia nikijiita mwendawazimu, ukaniambia habari ya maziwa. Ukimya wako ulinifanya niukane mkono wangu mwenyewe. Pale daktari hana uzi wa kushona. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Umelia?"

"Hapana. Ni pua."

"Basi lia kidogo, itakusaidia. Kisha utanipasulia kuni mpaka majira ya joto, na utakwenda duka la maziwa, mbele ya wale kina mama, uwaambie ulichotuambia sisi. Hiyo ndiyo adhabu. Kuni ni kwa ajili ya mazoezi."

Mkaguzi Nurmio alikuwa ameliokota gunia kwa vidole viwili. Alilinusa, akaligeuza, akafungua jalada la karatasi zake.

"Jiko lililozibwa si jiko bovu," alisema. "Ninaloliona hapa ni zima. Naandika kwamba nyumba inafaa kukaliwa, mlango utengenezwe." Akamgeukia Raili. "Lakini niambie, binti. Mtoto wa shule amejuaje kilango cha masizi? Nani alikuonyesha?"

Raili alinyoosha kidole cheusi kuelekea upande wa pili wa meza.

Bwana Kaukoranta alisimama, taratibu, akijikung'uta masizi kwenye mkono wa koti.

"Hili sasa ni jambo la aibu," alisema. "Mtoto ameshikwa na kosa, anatafuta mtu wa kumbebesha. Mimi nimefika katika ua huu kwa shughuli za kampuni, ndiyo. Nimesimama kwenye theluji kama muungwana. Huko darini kwenu sijawahi kukanyaga. Hata ngazi yake siijui."

"Alikuja," alisema Raili. "Alikigonga kile kilango kwa kidole."

"Neno la mtoto muongo."

"Kweli, ni neno la mtoto tu," alisema Bibi Lempi kwa upole ambao ungemtia wasiwasi mtu yeyote aliyemjua. "Tusimwonee Bwana Kaukoranta. Bwana Mkaguzi, twende darini ukaone kilango, tumalize. Ngazi ni ile pale ukumbini, nyuma ya mlango mdogo. Taa sina. Bwana Kaukoranta, tangulia wewe, una miguu ya ujana. Sisi wengine tutakufuata."

Kaukoranta alikuwa amekasirika, na mtu aliyekasirika hutembea haraka. Alifungua mlango mdogo, akapanda gizani, na Mkaguzi Nurmio akamfuata nyuma yake, Raili akafuata, na Bibi Lempi akabaki chini akishikilia mkono wa Aune. Ngazi ilipanda, ikakata kona. Hapo kwenye kona nyayo za Kaukoranta hazikusita hata kidogo. Aliinamisha kichwa, akaweka kiganja chake juu ya kitu fulani hapo gizani, akapita, akainuka tena.

Kikasikika kishindo kikubwa, na Mkaguzi Nurmio akakaa kitako kwenye ngazi, mikono yote miwili kwenye paji la uso.

"Pole sana, Bwana Mkaguzi," sauti ya Bibi Lempi ilipanda toka chini. "Ni boriti. Imekaa vibaya tangu siku ya kwanza, na hakuna mgeni aliyewahi kupanda hapo asiigonge. Marehemu mume wangu aliigonga siku ya harusi. Msafisha masizi aliigonga. Askofu aliigonga, nikasikia neno ambalo sikujua kama maaskofu wanalo."

Alikohoa kidogo.

"Wewe, Bwana Kaukoranta, umepita vizuri sana. Hebu tuambie, nani alikufundisha?"

Juu gizani hakukusikika kitu, isipokuwa koti la ngozi lililokuwa likilia kidogo kidogo kwa sababu mwenye koti alikuwa ameacha kutembea.